Msomee Mama Mpaka Hapa

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko. Huku tuko salama, mvua tu ndiyo imetufungia ndani na nguo hazikauki. Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa kwenye kiti chake kando ya dirisha, anataka nikwambie kwamba siku hizi anatembea mpaka getini bila kushikwa mkono. Macho yake bado yana ukungu, kwa hiyo barua zako nitamsomea mimi. Unakumbuka alivyotuamuru: kwenye simu mnabweka, basi andikianeni. Nimetii. Wifi yako anakusalimu, ndiye anayemchoma Mama sindano zake za sukari, na Mama anasema ana mkono mwepesi kuliko nesi. Watoto wanauliza shangazi yao anafanana na nani. Nimewaambia anafanana na bibi yao akikasirika.

Mama anataka pia asomewe kila ninachokuandikia. Kwa hiyo nimepiga mstari. Juu ya mstari ni ya Mama, chini ni yetu mimi na wewe. Na wewe fanya hivyo hivyo.

———

Sasa la kwangu. Kengele inanielemea. Unajua ilivyoanza, programu ndogo ya kuangalia joto la friji za dawa na kulia joto likipanda. Niliiachia huru, kila mtu aichukue, aisome, airekebishe, bila kulipa na bila kuniomba ruhusa. Leo iko kwenye zahanati ambazo hata sizijui. Iko pia jikoni kwetu, juu ya friji yenye insulini ya Mama. Na kanuni yetu unaijua kwa sababu uliitunga wewe: badiliko lolote halipiti mpaka mtu asiyeliandika alisome, aliendeshe kwenye friji ya kweli, ndipo aandike neno lake kwenye ukurasa wa mradi mtandaoni, Safi au Haipiti.

Tatizo hakuna watu. Waliokuwa wanajitolea wamepukutika mmoja mmoja. Tumebaki mimi na Mkutubi, yule mama wa maktaba, naye ana kazi zake. Watu wanapenda vya bure, lakini ukiwaambia wakague wanajifanya hamnazo. Nafundisha chuoni mchana kutwa, narudi na rundo la mitihani, halafu nakaa na msimbo wa programu ambao hakuna aliyeutazama isipokuwa mimi.

Wewe unalipwa kwa kazi hiyo hiyo. Rudi utusaidie, hata badiliko moja kwa mwezi.

Kaka yako

———

27 Machi

Kaka, shikamoo.

Mama, shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya getini. Taratibu lakini, usije ukaanza kukimbia na majirani wakashindwa kukukamata. Mimi mzima. Kazini tunajaribu lifti za jengo jipya, kwa hiyo siku nzima napakia magunia ya mchanga ndani ya lifti, nayateremsha, nayapandisha, nakata umeme katikati ya ghorofa nione kama itashika. Shemeji yako, Kaka, anasema mikono yangu imekuwa ya kuli. Wifi, asante kwa sindano. Watoto waambie shangazi ni mzuri sana, baba yao ana wivu.

Msomee Mama mpaka hapa.

———

Profesa, una uso mkavu.

Watu wanajifanya hamnazo? Ngoja nikukumbushe. Daktari wa Meno yule, aliyekuwa akijaribu Kengele kila Jumamosi kwenye friji ya zahanati yake. Alikuandikia kwamba kengele hailii mlango wa friji ukiachwa wazi kidogo. Ukamjibu, "Soma maelekezo kwanza." Mtu amefunga kazi yake, amevua koti, amekaa na friji yako kwa hiari yake, na hiyo ndiyo shukrani yake. Hakurudi. Na kuhusu mlango alikuwa sahihi, ulirekebisha kimyakimya bila kumtaja.

Mimi je? Uliweka badiliko, nikaliendesha, nikaandika Haipiti na nikaeleza kwa nini. Adabu zote nilitumia. Ukajibu pale pale ukurasani, mbele ya kila mtu: "Huyu ni mdogo wangu, tangu utotoni kazi yake ni kubomoa. Asiye na cha kujenga akae kimya." Watu wakacheka. Wiki ile nilikupigia simu, ukasema nilikuaibisha, mtoto wa juzi kumkosoa kaka yake hadharani. Tukabweka, kama Mama anavyosema.

Basi nilikaa kimya. Uliniambia mwenyewe.

Kwako chuoni kalamu nyekundu iko mkononi mwako siku nzima, hakuna anayekugusa. Mimi nalipwa kusema hapana. Nikiandika "haipiti", lifti inasimama na mhandisi mkuu ananiambia asante, kisha anakunja uso, kisha anarekebisha. Siwezi kurudi mahali ambapo hapana yangu inaitwa utovu wa adabu.

Tafuta wengine.

Mdogo wako

———

19 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, lakini inasomeka. Mama alicheka sana kwenye habari ya majirani. Anauliza kama hayo magunia ya mchanga hayawezi kubebwa na wanaume. Nimemwambia wanaume wa huko wanakuogopa. Hapa wote wazima. Mtoto wa pili ameng'oka jino, analionyesha kila anayepita. Umeme ni wa kubahatisha msimu huu, lakini tumezoea.

———

Umenichoma. Sitasema zaidi, kwa sababu nikisema nitabweka, na karatasi haibweki vizuri.

Lakini usidhani sikusikia. Nimefungua sehemu mpya ukurasani, nimeiandika "Karibu Ujaribu." Nimeweka kazi ndogondogo ambazo mtu yeyote mwenye friji na subira anaweza kuzifanya: fungua mlango uone, chomoa kipima joto uone, tia maji ya moto ndani ya friji uone. Nimeeleza jinsi ya kuandika unachokiona hata kama hujui msimbo. Mkutubi amesambaza kwa watu anaowafahamu. Nilifikiri hawatakuja, wamekuja. Mfamasia, mwanafunzi wangu wa zamani, fundi mmoja wa majenereta, na wengine. Nimewakaribisha kila mmoja kwa heshima, hata Wifi yako alishangaa.

Sasa nimepata kitu kingine cha kunikera. Wote wanaandika Safi. Naweka badiliko asubuhi, jioni zimejaa Safi, Safi, Safi kabisa Mwalimu, Hongera Mwalimu. Juzi niliweka badiliko lenye kosa la makusudi, la mtoto wa darasa la kwanza. Safi. Naogopa zaidi sasa kuliko nilipokuwa peke yangu. Zamani nilijua hakuna aliyetazama.

Niambie wewe unayejua kila kitu, wana nini hawa?

Kaka yako

———

10 Mei

Kaka, shikamoo.

Mama, shikamoo. Magunia wanaume wanabeba, mimi nasimama pembeni natoa amri, nilisema uongo kidogo unionee huruma. Jino la mtoto mpeni hongera yake. Hapa joto limeanza, tunalala madirisha wazi. Mimi na shemeji yako hatujambo. Mama, kula vizuri na usimfiche Wifi peremende, najua unazificha kwenye mfuko wa gauni la bluu.

Msomee Mama mpaka hapa. Kama umesoma habari ya peremende kwa sauti, pole yako.

———

Wana nini? Wana akili. Mtu mpya akifika kwenye mradi hasomi "Karibu Ujaribu." Anapekua ya zamani aone mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Anayakuta maneno yako kwangu, bado yako pale, na vicheko vyake. Anajisemea, kama dada yake wa tumbo moja alifanyiwa hivi, mimi ni nani? Anaandika Safi anakwenda kulala. Wanakujibu kama watu wanavyojibu salamu. Ukimuuliza mtu habari za asubuhi, hata kama amekesha na homa anasema nzuri. Umewafundisha kwamba ukaguzi wako ni salamu.

Dawa yake siyo ngumu, ila ni chungu kwa mtu mmoja tu. Nenda chini ya maneno yale uandike: alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Usifute, watu waone yote mawili. Kisha mtafute Daktari wa Meno umtaje kwa kazi yake. Anayeleta kasoro mshukuru mbele za watu, anayeleta Safi muulize ulijaribuje. Ukifanya hivyo miezi michache utawapata wakaguzi wa kweli, wengine wakali kuliko mimi.

Unakumbuka redio ya Baba? Niliizima na kuiwasha, kuizima na kuiwasha, mpaka ikafa. Baba akaniita Bomoa, jina likanikaa. Lakini jioni ile ile alikaa akaifungua, akasema swichi yake ilikuwa mbovu tangu dukani, afadhali imekufa mkononi mwa mtoto kuliko kumshika mtu umeme. Wewe ulikuwepo. Sehemu hiyo huwa huisimulii.

Bomoa

———

2 Juni

Mdogo wangu,

Mama anasema leo hataki salamu zangu, niandike maneno yake kama yalivyo. Haya: "Mwanangu, mimi sijambo. Peremende zimechukuliwa, asante sana kwa umbea wako. Najua mnapiga mistari kwenye barua, mimi sioni vizuri lakini nasikia kaka yako anaponyamaza ghafla. Sitaki kujua mnagombania nini. Nilizaa wawili tu. Patana na kaka yako kabla sijafumba macho. Chochote anachokuomba, kama hakikuui, mpe." Mwisho wa maneno ya Mama. Amenifanya nimsomee mara mbili kuhakikisha sikupunguza.

———

Hayo niliyoyaandika juu sikumtuma, naapa.

Kuhusu ushauri wako, nimeusoma. Nitaandika pale chini wakati ukifika. Siyo kwamba nakataa. Wanafunzi wangu wako mle, na mkuu wa idara. Nipe muda.

Kuna jambo la haraka. Manesi wamelalamika, Kengele inapiga kelele kila umeme ukikatika hata kwa dakika chache, wengine wameichoka wameizima kabisa, na hilo ni hatari kuliko yote. Hata hapa nyumbani Wifi yako ameshaitupia kanga mara kadhaa. Nimeandika badiliko: umeme ukikatika ingoje saa nzima kwanza hata joto likipanda, maana friji haipotezi baridi upesi hivyo, ukiwa bado haujarudi ndipo ilie. Kidogo tu, mistari michache.

Nataka ulikague wewe. Hawa wengine wataniandikia Safi hata nikiweka mapishi. Neno lako wote wanalijua uzito wake. Barua hii itachelewa, nitakutumia na ujumbe kwenye mradi.

Ila tafadhali, mbele ya watu, usiniaibishe.

Kaka yako

———

24 Juni

Kaka, shikamoo.

Mama, shikamoo. Nimesikia na nimetii, muulize Kaka. Samahani kwa peremende. Hapa tumekabidhi lifti za jengo, sasa zinapanda watu badala ya mchanga, na kila nikipita pale naangalia juu roho mkononi. Tunakula, tunalala, hatudaiwi na mtu.

Msomee Mama mpaka hapa.

———

Mpaka upate karatasi hii utakuwa umeshaona ukurasani. Barua yako ilifika asubuhi, ujumbe wako ulikuwa umeshanisubiri siku kadhaa. Nimeandika Safi. Umefurahi?

Mdogo wako

———

15 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu akubariki. Mama nimemwambia tumepatana, akashika mkono wangu muda mrefu. Mzima, anakusalimu, ila anasema joto limemzidi, mwaka huu hata Julai haina baridi, na getini haendi siku hizi mbili tatu. Wifi yako mzima. Umeme unakuja na kuondoka siku nzima kama mtoto anayechezea swichi, hata chai haichemki, lakini angalau nyumba ina utulivu. Kengele hailii ovyo tena. Wifi yako amerudisha kanga yake kabatini.

———

Hujui ulivyonifanyia. Uliandika Safi na baada yako wote wakaandika, hata Mkutubi ambaye huwa anavuta miguu. Nimelipitisha siku ile ile. Manesi wameshukuru. Mkuu wa idara amenipigapiga mgongoni. Nilikaa naangalia neno lako moja kwenye kioo cha kompyuta kama mjinga. Miaka yote hii, unajua, hukuwahi kuniandikia hilo neno hata mara moja.

Mama anakunywa maji mengi mno, anaamka usiku kujisaidia mara nyingi, na kidonda kidogo cha mguuni hakifungi. Wifi yako anasema ni joto. Sikutaka kuliandika juu ya mstari, atasema namtia uchuro.

Kaka yako

———

20 Agosti

Mdogo wangu,

Hii haina sehemu ya Mama. Mama hayuko kwenye kiti chake.

Ujumbe wangu wa simu uliupata, Mama amelazwa, usihangaike. Nilikudanganya kwenye usihangaike. Alianguka bafuni. Alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa juu kiasi kwamba mashine yao haikutoa namba. Daktari akamuuliza Wifi yako mmekuwa mkimchoma kweli? Wifi yako alilia, akasema asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja. Daktari akaomba chupa za insulini zilizobaki. Akasema dawa hii imepikwa, ni sawa na kumchoma maji. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimeshaoza. Wamemkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Anaishi. Amefumbua macho, ameuliza kama umeandika.

Nimerudi nyumbani nikaikagua friji. Sikuchukua muda mrefu. Kengele yangu mpya inangoja saa nzima ya giza ndipo ilie, lakini umeme ukirudi hata kwa kupepesa macho, inaanza kuhesabu saa upya, na inapohesabu haijali joto. Mwezi mzima umeme umekuwa ukikatika, ukirudi kidogo, ukikatika. Friji haikupata nafasi ya kupoa, na saa haikutimia hata mara moja. Imekaa juu ya friji inaangalia dawa ya Mama inaharibika, haikutoa hata mlio.

Nimewatangazia wote warudi kwenye Kengele ya zamani. Zahanati mbili zimeandika kwamba zimetupa chanjo. Hizo ndizo zilizogundua.

Nilitaka kukuuliza kitu lakini acha kwanza.

Kaka yako

———

6 Septemba

Kaka, shikamoo.

Pole. Pole Wifi, usijilaumu, mwambie nimesema mimi. Pole watoto. Kidonda cha Mama kinakaukaje? Anakula? Nesi wa zamu ni mpole? Kitanda chake kiko karibu na dirisha? Mpelekee lile blanketi la kahawia, hospitali huwa na baridi alfajiri. Usimwache na wagonjwa wanaokoroma. Kuhusu mguu wa bandia, nimeuliza kwa watu hapa, wanasema lazima kovu likomae kwanza. Shemeji yako anasalimu. Kazini kuna lifti za hospitali sasa, kubwa, za vitanda. Mvua imeanza. Nilisoma ile barua ya maji mengi na mimi nikasema ni joto.

Sijui niandike nini tena. Nimeona Mkutubi ameuliza ukurasani: "Kati yetu tulioandika Safi, ni nani aliyeliendesha?" Nimeona hakuna aliyemjibu.

Mdogo wako

———

28 Septemba

Bomoa,

Mama amerudi nyumbani. Kiti chake tumekisogeza kisiangalie geti. Anaambia kila anayekuja kumpa pole kwamba dawa iliharibika kwa sababu ya umeme, ndiyo mambo ya dunia. Anakusifu. Anasema tangu wewe upatane na mimi nyumba ina amani. Nakaa pale namsikiliza.

———

Kile nilichotaka kukuuliza sikuuliza kwa sababu nalijua jibu. Nimelijua tangu siku ile.

Nilikutumia ujumbe kwamba mistari iko tayari, kimya. Siku kadhaa kimya. Nikajua hutaki. Kisha barua yenye maneno ya Mama ikakufikia, na asubuhi hiyo hiyo ukaandika. Nilikuwa nimekaa na kikombe changu, nikakuandikia pale kuuliza kama umeanza kulitazama, na jibu lako likaja kabla chai haijapoa. Safi. Kujaribu kitu cha saa nzima kwenye friji ya kweli kunataka nusu siku. Wewe, uliyeua redio ya Baba kwa kuizima na kuiwasha. Kuna mtu duniani angeacha kuzima na kuwasha, lakini siyo wewe. Ungeliendesha, ungeikuta kasoro ile kwa kitu cha kwanza kabisa kufanya kwa mikono yako.

Nilijua hukuliendesha. Nikalipitisha.

Sikulipitisha kwa haraka wala kwa uchovu, ingawa nimejaribu kujidanganya hivyo. Nilitaka lile neno. Nilitaka wanafunzi wangu na mkuu wa idara waone mdogo wangu ameniandikia Safi. Kanuni uliyoitunga wewe, nimeivunja kwa mkono wangu huku nikitabasamu, na Mama akiwa chumba cha pili.

Sasa unichukie kwa hilo, siyo kwa yale ya zamani. Yale ya zamani nimeyaandika jana, chini ya maneno yangu: alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Nimemtaja na Daktari wa Meno. Mkutubi nimemjibu kwamba hakuna aliyeliendesha na kwamba mwenye mradi alijua. Mkuu wa idara hanisalimii vizuri. Imekuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, na hilo ndilo linalonitafuna zaidi. Ningeweza kuyafanya Mei.

Nimeweka rekebisho. Safari hii Kengele inajumlisha muda wote wa giza, umeme urudi usirudi. Sikuombi kitu.

Kaka yako

———

14 Oktoba

Kaka, barua hii haina mstari. Msomee Mama yote. Ukifika mahali pagumu usinyamaze ghafla, anakusikia unaponyamaza.

Mama, sikuandiki kwamba mimi sijambo kwa sababu siyo kweli.

Dawa yako haikuharibiwa na umeme peke yake. Kuna kengele juu ya friji, ile Wifi aliyokuwa akiifunika kanga. Kazi yake ilikuwa kulia dawa inapopata joto. Kaka aliibadilisha isipige kelele ovyo, akaniomba niijaribu kabla hajaiwasha. Kuijaribu ndiyo kazi yangu, ndicho ninachokifanya kila siku kwa lifti za watu nisiowajua. Ulisema chochote anachoniomba nimpe. Alichoniomba kwa maneno ni kwamba niijaribu. Alichokuwa anakitaka ni kwamba nimsifu. Nilijua tofauti yake, nikampa cha pili kwa sababu ni chepesi, na kwa sababu nilikuwa na kinyongo. Nilijisemea, si alitaka nisimwaibishe? Haya, apate. Niliandika neno moja nikaenda kazini. Siku ile nilizuia lifti nzima kwa sababu ya mlango uliochelewa kufunga.

Kaka alijua sikuijaribu. Ameniandikia. Usimkasirikie yeye peke yake, na usimkasirikie Wifi hata kidogo, yeye alikuchoma kila siku kwa uaminifu kile tulichomwekea kwenye friji.

Hiyo ndiyo amani ya nyumba uliyokuwa unaisifu, Mama. Tuligombana miaka yote na mguu wako ulikuwepo.

Sasa Kaka, ya kwako, na Mama asikie vilevile. Nimeliendesha rekebisho lako. Nilimwomba jirani friji yake ya zamani, nikaiweka jikoni, na Jumamosi yote nilizima na kuwasha, kuzima na kuwasha, mpaka shemeji yako akatoka nje kukimbia kelele. Halipiti. Umeme ukikatika wakati betri ya Kengele yenyewe imeisha, inasahau giza lote ililokuwa imelihesabu, inaamka kama mtoto mchanga. Mkutubi naye aliliendesha kwenye friji ya maktaba, amepata hilo hilo na lingine ambalo mimi sikuliona. Fundi wa majenereta amepata la tatu. Tumeandika yote ukurasani, wazi, mbele ya wanafunzi wako na mkuu wa idara wako. Nimeona umeandika asante chini ya kila moja. Rekebisha uweke tena, na mimi nitazima na kuwasha tena.

Mama, nimeomba ruhusa kazini, naweza kuja mwezi ujao. Lakini siji mpaka umesikia haya yote kwanza. Fikiria. Kama hutaki kuniona, mwambie Kaka aniandikie hivyo, nitaelewa. Na kama ataniandikia kwamba umesema nije, nitampigia Wifi nimuulize kama ni kweli ulisema.

Bomoa